Miaka 60 ya New Beacon

Agosti mwaka huu wa 2026, New Beacon Books ya London inatimiza miaka 60. Ni duka la vitabu na pia ni kampuni ya uchapishaji, iliyoanzishwa mwaka 1966 na John La Rose, mshairi na mwanaharakati wa vyama vya wafanyakazi kutoka Trinidad, pamoja na mwenzi wake Sarah White, Mwingereza. Jina walilichukua kwenye jarida la The Beacon lililotoka Trinidad mwanzoni mwa miaka ya 1930. Kazi ilianzia nyumbani kwao kaskazini mwa jiji, na mwaka 1973 ndipo walipohamia kwenye jengo namba 76 Stroud Green Road, Finsbury Park. La Rose alifariki Februari 2006, na Sarah White akamfuata mwaka 2022. Ningependa kulitumia adhimisho hili kutazama swali ambalo sisi wapenzi wa fasihi hulijibu kwa haraka mno: kusoma humsaidiaje mtu aliye katika dhiki? Kwa kawaida tunasema kwamba kitabu humliwaza msomaji, humtoa upweke na kumpa moyo. Ni kweli, lakini faraja ya mtu mmoja aliyejifungia na kitabu chake hufifia upesi anaporudi kwenye zamu ya usiku na kodi ya chumba. Historia ya New Beacon inatuonyesha jambo zito zaidi. Maandishi yaliwavusha watu na kuwafanya jamii kwa sababu palikuwa na mahali pa kuyapata, watu wa kuyajadili nao, na shughuli iliyoanza pale usomaji ulipoishia. Historia hiyo inatuhusu sana sisi wasomaji wa Kiswahili, maana baadhi ya waandishi wetu wakubwa walipita humo katika miaka yao migumu.

Tuanze na hali ya wakati ule. Watu wa Karibi waliohamia Uingereza baada ya Vita Kuu ya Pili waliendesha mabasi, waliuguza wagonjwa hospitalini, walifagia stesheni, lakini hadi sheria ilipobadilishwa mwaka 1968 mwenye nyumba aliweza kumkatalia mtu chumba kwa sababu ya rangi yake bila kuvunja sheria yoyote. Aprili ya mwaka huo huo mwanasiasa Enoch Powell alitoa hotuba yake maarufu dhidi ya wahamiaji, na siku chache baadaye makuli wa bandari ya London wakaandamana kumuunga mkono. Dhiki ya namna hiyo ina upande wa mkate na upande wa fikra. Mtu anayeambiwa kila siku kwamba watu wake hawajawahi kuandika wala kufikiri lolote hatimaye hukosa pa kusimama, hasa akiwa na watoto wanaomuuliza. La Rose aliamini kwamba kila kizazi cha watu waliotawaliwa hulazimishwa kuanza upya kana kwamba hakikutanguliwa na wengine, na kwamba mchapishaji anaweza kuziba pengo hilo. Ndiyo maana mwaka 1969 New Beacon ilikitoa upya kitabu kiitwacho Froudacity, cha John Jacob Thomas, mwalimu mweusi wa Trinidad aliyekiandika mwaka 1889 kumjibu James Anthony Froude, mwanahistoria wa Kiingereza aliyedai kwamba watu weusi wa Karibi hawafai kujitawala. Miaka 80 ilikuwa imepita tangu jibu hilo litolewe, nalo lilikuwa limesahauliwa. Kondakta wa basi aliyemsikia Powell redioni sasa aliweza kununua, kwa bei ya kijitabu, ushahidi kwamba hoja ile ile ilishajibiwa kwa ufasaha na mtu wa kisiwa chake kabla baba yake hajazaliwa.

Mbali na kuchapisha vitabu, palihitajika watu wa kuvijadili: Desemba 1966 La Rose, Edward Kamau Brathwaite na Andrew Salkey waliasisi Chama cha Wasanii wa Karibi, kilichodumu hadi 1972. Mikutano yake iliwaleta pamoja waandishi, wachoraji, wanafunzi na wasomaji wa kawaida, mashairi yakasomwa kwa sauti na kubishaniwa pale pale. La Rose alikuja na meza ya vitabu. Meza hiyo ina maana kubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu katika mikutano mingi ya fasihi msikilizaji hutoka akiwa amefurahi, na furaha humwishia njiani. Pale alitoka na kitabu mkononi na anwani ya nyumba ambako angeweza kurudi wiki ijayo kuuliza alichokuwa hakukielewa.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote ni wa mwaka 1971. New Beacon ilichapisha kijitabu cha Bernard Coard, mwalimu kutoka Grenada, kilichoeleza jinsi watoto wa Karibi walivyokuwa wakipelekwa kwa wingi kwenye shule za watoto waliohesabiwa kuwa na akili pungufu. Coard alionyesha kwamba vipimo vilivyotumika vilipima Kiingereza cha tabaka la kati na desturi za nyumba za Kizungu, kisha mtoto aliyeshindwa kuvijibu akaandikwa kuwa hawezi kufunzwa. Aliwaandikia wazazi, kwa lugha ambayo mzazi aliyemaliza shule ya msingi tu angeweza kuifuata, akawaambia wakatae nini na wadai nini. Wazazi walikisoma, wakapeana, wakakisoma tena katika mikutano ya makanisani na kwenye kumbi za mitaa, na wengi wao ndipo walipotambua kwa mara ya kwanza kwamba jambo walilolionea haya nyumbani, mtoto wao kuitwa mzito, lilikuwa likiwapata majirani zao wote. Aibu ya siri iligeuka kuwa madai ya hadharani. Shule za Jumamosi zilizokuwa zimeanza kuchipuka, ikiwemo Shule ya George Padmore ambayo La Rose na wenzake waliianzisha mwaka 1969, ziliongezeka London na kwingineko. Mwaka 1975, baada ya mwanafunzi mmoja wa Hornsey kupigwa na polisi, kikaundwa Chama cha Wazazi Weusi, na La Rose alikuwa miongoni mwa waasisi wake. Kijitabu hakikuyafanya hayo peke yake. Lakini ukikiondoa huoni ni kitu gani kingewafanya wazazi waliotawanyika katika mitaa mbalimbali wagundue kwamba tatizo lao ni moja.

Msomaji mwenye busara atapinga hapa. Atasema kwamba vitabu havizimi moto. Na London ilishuhudia moto. Usiku wa kuamkia tarehe 18 Januari 1981 nyumba moja ya New Cross Road iliungua wakati wa sherehe ya siku ya kuzaliwa, na vijana weusi 13 wakafa. Serikali ilikaa kimya, magazeti makubwa yakaandika kidogo na kwa shingo upande, na uchunguzi wa mahakama, ule wa 1981 na wa pili wa 2004, uliishia bila kubainisha nani wa kulaumiwa. Hakuna riwaya wala utenzi uliowarudishia wazazi wale watoto wao. Hilo lazima likubaliwe kabla ya kusema lolote jingine. Tutazame, hata hivyo, ni akina nani waliokuwa tayari asubuhi iliyofuata. Kamati ya kushughulikia msiba huo iliongozwa na La Rose, na kiini chake kilikuwa watu wa Chama cha Wazazi Weusi na wa kikundi cha jarida la Race Today, ambamo alikuwamo mshairi Linton Kwesi Johnson. Walikuwa wameshazoeana kwa miaka kadhaa katika kuandika, kuchapa, kusambaza na kujadili. Walijua ni mpiga chapa yupi atatoa kijikaratasi usiku mmoja na ni ukumbi upi utakodishwa. Tarehe 2 Machi watu wapatao 20,000 waliandamana, siku ya kazi, kutoka New Cross hadi Hyde Park. Johnson aliutungia msiba ule shairi ambalo hadi leo husomwa palipo na kumbukumbu za waliokufa. Maandamano na shairi vilitoka kwenye kisima kimoja.

Mwaka uliofuata, Aprili 1982, New Beacon, Race Today na kampuni ya Bogle-L'Ouverture waliandaa katika ukumbi wa manispaa ya Islington maonyesho ya kwanza ya kimataifa ya vitabu vya kimapinduzi vya watu weusi na vya Ulimwengu wa Tatu. Aliyeyafungua ni C.L.R. James, mwanahistoria na mwandishi kutoka Trinidad. Yalifanyika mara 12 hadi mwaka 1995, na mbali na London yalifika Manchester, Bradford, Leeds na Glasgow. Bogle-L'Ouverture, ya Jessica na Eric Huntley kutoka Guyana, inastahili kutajwa kwa heshima na kila msomaji wa Tanzania, kwa kuwa mwaka 1972 wao na Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam walishirikiana kutoa kitabu cha Walter Rodney kuhusu namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika. Rodney alikiandika akiwa mhadhiri Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alipouawa Georgetown mwaka 1980, akina Huntley waliliita duka lao kwa jina lake. Maduka haya yalikuwa na maadui. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1970 wafuasi wa makundi ya kibaguzi walivunja madirisha, walipaka matusi milangoni na kutuma vitisho, na wenye maduka wakalazimika kuungana ili kujilinda na kuidai polisi itimize wajibu wake. Mbaguzi hapotezi usiku wake kushambulia kitu kisicho na nguvu. Wale waliorusha mawe walitambua mapema kuliko wahakiki wengi kwamba duka la vitabu lilikuwa nguzo ya jamii.

Hapa ndipo Afrika Mashariki inapoingia kwa miguu yake. Juni 1982 Ngũgĩ wa Thiong'o alifika London kwa ajili ya uzinduzi wa tafsiri ya Kiingereza ya Caitaani Mũtharaba-inĩ, riwaya aliyoiandika kwa Kikuyu juu ya karatasi za chooni katika gereza la Kamiti, alikozuiliwa bila mashtaka kuanzia Desemba 1977 hadi Desemba 1978. Akiwa London akapata habari kwamba angekamatwa mara atakapotua Nairobi, na akabaki. Mwezi huo huo serikali ya Rais Moi iliwakamata wahadhiri kadhaa, miongoni mwao Willy Mutunga, Maina wa Kinyatti na Al-Amin Mazrui, mwandishi wa Kilio cha Haki, tamthilia ya Kiswahili ya mwaka 1981 kuhusu wafanyakazi wa shamba la mlowezi wanaoongozwa na mwanamke, Lanina. Julai ikaundwa London Kamati ya Kutetea Wafungwa wa Kisiasa wa Kenya, na kituo chake kikawa namba 76 Stroud Green Road. Mwenyekiti alikuwa La Rose mwenyewe, Mtrinidad aliyekubali kuubeba msiba wa Kenya kama wa nyumbani kwake. Walioifanya kazi ya kamati kwa miaka iliyofuata ni pamoja na Ngũgĩ, Wanjirũ Kihoro, Yusuf Hassan, Wangũi wa Goro, Shiraz Durrani, mkutubi aliyekimbia Kenya mwaka 1984, na Abdilatif Abdalla wa Mombasa.

Abdilatif hahitaji kutambulishwa kwa msomaji wa Kiswahili, lakini njia iliyomfikisha Finsbury Park inafaa ikumbukwe. Alikamatwa mwishoni mwa 1968, akiwa na umri wa miaka 22, kwa kuandika waraka wa Kenya: Twendapi? Alihukumiwa miezi 18, serikali ikakata rufaa, akaongezewa hadi miaka mitatu. Akiwa peke yake katika chumba cha gereza alitunga mashairi na kuyaficha kwenye karatasi za chooni, miaka kadhaa kabla Ngũgĩ hajafanya vivyo hivyo katika Kamiti ile ile. Mashairi hayo ndiyo Sauti ya Dhiki, yaliyotoka mwaka 1973. Baada ya gereza alifanya kazi Dar es Salaam katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, na mwaka 1979 akaja London kutangaza katika Idhaa ya Kiswahili ya BBC, kisha akawa mhariri wa jarida la Africa Events. Diwani yake ni hoja ya pekee katika mjadala wetu. Mle ndani mna majadiliano marefu ya ndugu wawili wanaogombania mnazi, mna mashairi ya kujikaza na ya kumkanya mwenye nguvu, na yote yamefuata vina na mizani ya mapokeo ya pwani. Mtu aliyefungiwa peke yake alichagua bahari ya ushairi iliyotungwa na vizazi vilivyomtangulia, na kwa kufanya hivyo chumba chake kilijaa watu: watunzi wa Mombasa, Lamu na Pemba ambao alijua wangemsikia na wangemjibu. Mfungwa yule alikuwa peke yake kwa mwili, lakini hakutunga kama mtu aliye peke yake. Naona hapo ndipo tofauti ya faraja na ustahimilivu ilipo. Faraja humtosha aliyeipata. Ustahimilivu wa Abdilatif ulihitaji wasomaji, hata kama wakati ule aliwaona kwa matumaini tu.

Riwaya ya Ngũgĩ inathibitisha jambo hilo kutoka upande wa pili, wa wapokeaji. Ilipotoka mwaka 1980 ilisomwa Kenya kwa namna ambayo wachapishaji hawakuizoea. Ngũgĩ mwenyewe ameeleza jinsi familia zilivyokusanyika jioni mtoto mmoja akisoma kwa sauti, wafanyakazi wakisomeana saa ya chakula cha mchana, na baani mtu mwenye sauti nzuri akinunuliwa kinywaji ili asiache kusoma mahali patamu. Tafsiri ya Kiswahili, Shetani Msalabani, ikafuata mwaka 1982. Na mwaka 1986 ilipotoka Matigari, ambayo Ngũgĩ aliiandika uhamishoni London, habari za mtu aitwaye Matigari anayezunguka nchini akiuliza ukweli na haki viko wapi zilienea hadi, kwa maelezo ya Ngũgĩ, polisi wakaagizwa wamkamate. Walipogundua kwamba ni mhusika wa riwaya, Februari 1987 wakazikamata nakala zenyewe madukani. Watu hufurahia kisa hiki na kukiacha hapo. Mimi naona kinaeleza jinsi mhusika wa kubuni alivyokuwa tayari raia katika mazungumzo ya watu, kiasi kwamba dola haikuweza kumtofautisha na mtu wa nyama na damu. Wangũi wa Goro aliitafsiri kwa Kiingereza, na mwaka 1989 ikatoka Uingereza.

Kamati ya Stroud Green Road iliishi humo humo ndani ya usomaji. Ilitoa vijitabu na jarida la habari, iliandikia wabunge na vyama vya wafanyakazi, ilisimama na mabango mbele ya ubalozi. Mwaka 1984 Mzalendo Kimathi, tamthilia ya Ngũgĩ na Mĩcere Mũgo, iliigizwa kwa Kiingereza katika ukumbi wa Africa Centre, Covent Garden. Katika maonyesho ya vitabu Wakenya walikutana na Wahaiti, Wafilipino, Wapalestina na watu wa Afrika Kusini, wakagundua kwamba magereza yao yanafanana. Mutunga na Mazrui walitoka kizuizini. Kinyatti alitumikia kifungo chake chote na kuachiwa mwaka 1988. Mwaka huo huo Mazrui alichapisha Chembe cha Moyo, mashairi yaliyotokana na kuzuiliwa kwake. Siwezi kudai kwamba vijitabu vya London ndivyo vilivyofungua milango ya Kamiti. Wakenya walioikabili dola ana kwa ana walilipa gharama kubwa kuliko mhamishwa yeyote. Kilichofanywa London kilikuwa kuhakikisha kwamba mfungwa hasahauliki, na mfungwa yeyote wa kisiasa atakuambia kwamba kusahauliwa ndicho kifungo cha pili.

Pingamizi ninalolihofia zaidi ni jingine, na halijibiwi kwa kutaja mafanikio. Mwaka 1937 kulikuwa London na kundi jingine la wasomaji weusi, lililokusanyika kwa George Padmore, mwanaharakati kutoka Trinidad, katika Ofisi ya Kimataifa ya Huduma kwa Waafrika. C.L.R. James alikuwamo. Jomo Kenyatta alikuwamo. Walisoma, waliandika magazeti, walibishana usiku kucha, na mwaka 1938 Kenyatta akatoa kitabu chake kuhusu maisha ya Wakikuyu, moja ya kazi za mwanzo ambamo Mwafrika aliieleza jamii yake kitaalamu kwa kalamu yake. Mwaka 1945 Padmore na Kenyatta walikuwa pamoja katika mkutano wa Manchester uliodai mwisho wa ukoloni. Ni serikali ya Kenyatta huyu iliyomfunga Abdilatif kwa ajili ya waraka, na ndiyo iliyomweka Ngũgĩ kizuizini baada ya mchezo wa kuigiza wa wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ. Mwaka 1974 Sauti ya Dhiki ilitunukiwa tuzo ya fasihi yenye jina la rais ambaye gereza lake ndilo lililoizaa. Kisha yumo Coard. Mwandishi wa kijitabu kilichowaokoa watoto wengi London alirudi Grenada, akawa naibu waziri mkuu wa serikali ya mapinduzi, na mwaka 1986 akahukumiwa kwa mauaji ya kiongozi wake Maurice Bishop na wenzake, yaliyotokea Oktoba 1983. Basi anayesema kwamba kusoma humfanya mtu kuwa mwema, au kwamba jamii ya wasomaji huzaa watawala waadilifu, atufafanulie habari hizi mbili.

Mimi sisemi hivyo, na sidhani historia ya New Beacon inahitaji madai hayo. Kuna tofauti ya maana kati ya duara la watu wachache wanaojiandaa kutawala na duka ambalo mlango wake uko barabarani. Katika duara, kitabu ni silaha ya kiongozi, naye akishapata dola anaweza kuifungia kabatini. Katika duka, kitabu ni cha yeyote aliyeingia na kulipa, mzazi, nesi, mwanafunzi aliyetoroka kipindi, na mwandishi hana tena uwezo wa kumwamulia asomeje. Kijitabu cha Coard kiliendelea kuwalinda watoto hata baada ya mwandishi wake kuingia gerezani, na kimechapishwa upya tangu hapo. Waliomjua Kenyatta kijana na waliofungwa na Kenyatta mzee walisoma kutoka rafu zile zile za fikra za Padmore, na James aliyeshirikiana na wa kwanza ndiye aliyefungua maonyesho yaliyowakaribisha wa pili. Kilichodumu si wema wa mtu. Kilichodumu ni mpangilio: rafu inayojazwa upya, bei ambayo mfanyakazi anaimudu, mtu nyuma ya meza anayejua mteja alisoma nini mwezi uliopita. La Rose na White walikataa kuufanya mpangilio huo utegemee jina lao, na ndiyo sababu mwaka 1991 waliasisi pamoja na wenzao Taasisi ya George Padmore juu ya duka, ili nyaraka zihifadhiwe na wengine wazisome bila kuwategemea wao kusimulia.

Lipo bado suala la lugha, nalo linatuuma sisi. Rafu za Stroud Green Road zilijaa Kiingereza. Wasemaji wa Kiswahili wako London kwa maelfu, kutoka Kenya, Tanzania, Kongo na Uganda, na wapo pia Wabarawa waliokimbia vita vya Somalia, ambao Chimwini chao ni ndugu wa lugha yetu. Hawajapata duka la aina hiyo la kwao. Idhaa ya Kiswahili ya BBC, iliyoanza kurusha matangazo Juni 1957, iliwaajiri waandishi kama Abdilatif na kuwafikia wasikilizaji wengi kuliko kitabu chochote, lakini redio huzungumza na mtu alipo na haimwaliki aingie abishane. Wako watakaosema kwamba siku hizi simu imeziba pengo hilo, kwamba mashairi yanasambaa kwenye vikundi vya WhatsApp na vitabu vinaagizwa kwa intaneti. Yanasambaa kweli, na ni jambo la kushukuriwa. New Beacon yenyewe ilikaribia kulikubali hilo: mwishoni mwa 2021 ilitangaza kwamba italifunga duka na kuuza kwa mtandao pekee. Jibu la wasomaji lilikuwa kuchanga fedha, kuzidi kiasi kilichoombwa, ili duka lisiondoke mtaani. Miaka michache kabla ya hapo, lilipokuwa hatarini, walifanya vivyo hivyo. Watu waliozoea kununua kila kitu kwa kidole walitoa pesa zao kuokoa mlango, rafu na kaunta. Walijua wanachokilipia.

Nyaraka za Kamati ya Kutetea Wafungwa wa Kisiasa wa Kenya zimo katika hifadhi ya Taasisi ya George Padmore, zimepangwa na kuorodheshwa, pamoja na zile za maonyesho ya vitabu, za Chama cha Wazazi Weusi na za kamati ya New Cross. Msomaji huandika kuomba nafasi, hupangiwa siku, huletewa masanduku mezani. Wanjirũ Kihoro alifariki mwaka 2006, na Ngũgĩ Mei 2025. Walioyaandika makaratasi hayo wanapungua, huku watoto na wajukuu wa wahamishwa wa enzi za Moi wakikulia London hiyo hiyo, wengi wakiisikia historia hii nusu nusu mezani kwa wazazi. Kwa mwalimu wa Kiswahili, kikundi cha wasomaji, au msikiti na kanisa lenye darasa la Jumamosi, kazi ya mwaka huu iko wazi: kuomba siku, kwenda na vijana, kuwasomesha Sauti ya Dhiki na Kilio cha Haki kabla ya kwenda, na kuanza kuzitafsiri nyaraka zile kwa Kiswahili, moja moja, ili zifike Mombasa na Nairobi.